Hakuna Ardhi Iitwayo Tupu

Katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, tafsiri ya "ardhi ya jumla" inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Ninauliza: ni jicho la nani litakaloamua kwamba ardhi haitumiki?

Mgeni anayepita uwanda wa Ufipa wakati wa kiangazi huona nyasi tu, maili kwa maili, akasema pako wazi. Mfipa huona shamba lililopumzishwa. Wazee wetu hawakuwa na miti ya kukata na kuchoma kama Wabemba ng'ambo ya mpaka, hivyo walibuni intumba: masika yanapoelekea ukingoni, nyasi hufukiwa chini ya matuta ya udongo zikaoza, na msimu unaofuata matuta hutawanywa, ulezi au mahindi yakapandwa. Rutuba hutoka kwenye nyasi, na nyasi huhitaji miaka ya kupumzika. Ondoa mapumziko hayo, umeua mfumo mzima.

Wapalestina wanaijua hila hii. Sheria ya Ardhi ya Dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858 iliruhusu ardhi iliyokaa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa irudi kwa dola. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Israeli imeitumia sheria hiyo kutangaza maeneo makubwa ya Ukingo wa Magharibi kuwa "ardhi ya serikali", kisha kujenga makazi ya walowezi. Hata mti umefanywa shahidi wa uongo: vijiji vya Imwas na Yalu vilibomolewa mwaka 1967, na mahali pake leo ni bustani ya misitu iitwayo Canada Park. Anayepumzika kivulini haambiwi kirahisi kwamba amekaa juu ya kijiji cha watu.

Mtaniambia kwamba Rukwa hakuna jeshi la kigeni. Ni kweli, na sitaki kufananisha maumivu yasiyolingana. Ninachofananisha ni neno. Neno "tupu" hutangulia, mpimaji hufuata, na mwenye ardhi huitwa mvamizi. Shamba la Malonje, lililokuwa mali ya umma kabla ya kubinafsishwa, limezaa mgogoro wa miaka mingi kati ya mwekezaji na vijiji jirani. Sasa neno hilo linavaa joho la kijani. Mwezi Februari 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini makubaliano ya awali na Tanzania kuhusu takriban hekta milioni 8 za hifadhi za misitu, ili kuuza hewa ya ukaa. Leo ni hifadhi za taifa. Kesho nyasi zetu zitaitwaje?

Hapa ndipo haki ya ardhi na haki ya tabianchi zinapokuwa kitu kimoja. Mkulima hujikinga na ukame kwa kuhama shamba, kupumzisha udongo na kufuata maji. Amri ya kijeshi Na. 158 ya mwaka 1967 inamzuia Mpalestina kuchimba kisima bila kibali. Mfipa aliyebanwa kwenye ekari mbili hulima udongo uleule kila mwaka hadi uchoke, kisha hushutumiwa kwenye semina kuwa mharibifu wa mazingira. Anayenyang'anywa njia ya kujikinga ndiye anayefundishwa kujikinga!

Sipingi miti, wala biashara ya kaboni ambayo kijiji kimeiridhia kwa mkutano mkuu wake. Ninadai mambo matatu. Bunge lifute maneno "isiyokaliwa au isiyotumika". Maofisa ardhi waandike mashamba yanayopumzishwa kuwa ni matumizi katika kila mpango wa ardhi ya kijiji. Na mkataba wowote wa kaboni usomwe kijijini, kwa Kiswahili, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Ninyi wanafunzi mtakuwa wapimaji na wanasheria wa kesho. Ninyi watumishi wa umma mnashika mihuri leo. Kabla hamjaandika "tupu", ulizeni ardhi ile inamsubiri nani.