Mtoto wa Kijerumani akijifunza Majimaji, sisi tunapata nini?

Msikilizaji mmoja alituandikia baada ya kipindi cha asubuhi: "Wajerumani wameshatuomba radhi. Wakiwafundisha watoto wao habari za Majimaji, sisi tunapata nini?" Hewani muda haukutosha, kwa hiyo tunajibu hapa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea, akaahidi kwenda kuwasimulia watu wake, maana kwao wengi hawajui. Ila rais huyo hawezi kuagiza somo lifundishwe. Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo hupanga mtaala wake. Mtoto anaweza kumaliza shule akijua vita kuu zote mbili, asijue kwamba nchi yake iliwahi kututawala.

Ubaguzi unaingiaje hapo? Tazama mambo yalivyofuatana. Mwaka 1898 ilikuja kodi ya nyumba. Ikaja pamba ya kulazimishwa, ile ambayo Wamatumbi waliing'oa Julai 1905. Aliyekaidi alichapwa viboko, hamsa ishirini, adhabu ambayo Mzungu hakupewa. Sasa, ili umchape baba wa watu mbele ya wanawe kisha ulale usingizi, sharti ujiambie kwamba huyu ni mvivu, hana akili, si mtu kama wewe. Viboko vya Wajerumani viliondoka, maneno yakabaki. Ndiyo wanayorushiwa vijana weusi hadi leo kwenye mabasi na viwanja vya mpira huko Ulaya.

Kwa hiyo somo likiishia kwenye idadi ya waliokufa (wanahistoria wanakadiria hadi laki tatu, wengi kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala), mwanafunzi ataona huruma tu. Na mtu unaweza kumhurumia huku unamdharau. Aonyeshwe kodi, pamba na kiboko, aone neno "mvivu" lilitoka wapi na lilimfaidia nani.

Berlin wameanza na vibao. Mwaka 2021 mtaa wa Wissmann ulipewa jina la Lucy Lameck wetu, na 2024 sehemu ya barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, "Mkono wa Damu", ikawa ya Maji Maji. Mtoto akiuliza hiyo Maji Maji ni nini, mwalimu awe na la kumjibu.

Faida kwetu? Kama una mwanao au mpwa wako anayesoma au kufanya kazi huko, yeye ndiye wa kwanza kuiona.

Lakini na sisi tuseme ukweli. Tulipofundishwa Majimaji, darasa zima lilicheka: eti watu waliamini risasi zitageuka maji! Tulijua tarehe na jina la Kinjikitile, basi. Hakuna aliyetueleza kwamba maji yale yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine, watu wasio na mfalme mmoja wala redio.

Kama kijijini kwenu yupo mzee aliyesimuliwa habari hizo na babu yake, tutumieni ujumbe. Tutakuja na kinasa sauti.