MAMBO YA NYUMBANI: Injini Haifi Ghafla

Motokaa iliyonunuliwa kwa kiinua mgongo si chombo cha safari tu. Ni ada ya shule ya watoto, ni dawa ya wazee walio kijijini, na kwa nyumba nyingi za askari waliostaafu katika Tororo na Busia ni shamba lisilongoja mvua. Injini ya gari hilo ikifa, nyumba nzima huumia. La kusikitisha ni kwamba aghalabu injini iliyokufa ilikuwa imekwisha kutoa habari mapema, ila hapakuwa na mtu wa kuisikiliza. Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Injini nayo ina mawingu yake, na si lazima mtu awe fundi ndipo ayatambue.

Dalili ya kwanza huonekana nyumbani, kabla gari halijawashwa. Anayefagia uwanja asubuhi ndiye mkaguzi wa kwanza. Akiona pale gari lilipolala pana doa jeusi au la kahawia lenye utelezi, hiyo ni oili. Akiona majimaji ya kijani au mekundu yenye harufu tamu, hiyo ni dawa ya kupozea injini, nayo ni sumu; watoto na wanyama wasiiguse. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, chini ya gari lenye kipoza hewa, hayana neno. Mke au mtoto aliyeona doa na asiseme, kwa kudhani kuwa gari ni kazi ya baba peke yake, ameacha moshi ufuke mpaka nyumba ishike moto.

Dalili ya pili ni joto, na nchi ya mpakani hulijaribu gari vizuri sana kwa jambo hili. Gari lililotoka bandari ya Mombasa hufika Busia baada ya takriban kilomita 900, likiwa limepanda nyanda za juu za Kenya zinazozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha likateremka tena. Ukaguzi wa pande mbili chini ya paa moja ulizinduliwa rasmi Busia mwaka 2018 ili kupunguza kungoja. Hata hivyo siku ya malori mengi foleni haikosekani. Foleni hiyo inachukiwa na kila dereva, lakini ni mwalimu. Gari likiwa mwendoni, upepo huisaidia rejeta kupoa. Likisimama, kazi yote huiangukia feni. Basi ikiwa mshale wa joto hupanda katika foleni, kisha hushuka gari lishikapo barabara ya Tororo, aghalabu ugonjwa uko kwenye feni: mkanda umelegea, au mota yake haizunguki. Lakini mshale ukipanda gari likiwa kasini au likipanda kilima, yafaa kushuku kwamba maji yamepungua, rejeta imeziba, themostati imekwama, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Ugonjwa wa feni huponywa kwa fedha kidogo. Huo mwingine ukipuuzwa hupinda silinda hedi, na hapo hesabu hubadilika.

Inafaa pia kujua kwamba Tororo iko katika mwinuko wa karibu mita 1,200, ambako maji katika sufuria iliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kifuniko chake, ambacho huyabana. Kifuniko kilicholegea au kilichochakaa huweza kuchemsha gari lisilo na ugonjwa mwingine wowote. Lakini kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyobanwa huruka yakiwa mvuke na kuunguza uso na mikono. Wala maji baridi yasimiminwe katika injini iliyochemka, maana chuma chaweza kupasuka. Gari lizimwe, lipoe, ndipo litazamwe.

Dalili ya tatu ni moshi. Mvuke mwepesi asubuhi ya baridi, unaotoweka baada ya dakika chache, si ugonjwa. Moshi mweupe mzito usiokoma, hasa ukiwa na harufu tamu, maana yake maji yanaingia mahali pa moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni au sili za valvu zimelika. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Na katika wilaya zenye barabara za murram jambo la kwanza la kutazama ni chujio la hewa, ambalo hujaa vumbi upesi. Dereva akilikung'uta chujio na moshi ukapungua, ameokoa petroli na fedha.

Dalili ya nne ni oili yenyewe. Ipimwe gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika chache. Oili ikipungua kila juma, ama inavuja ama inaungua. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na gari hilo lisiendeshwe. Oili inayometameta chembe za chuma inasema kwamba ndani mna kitu kinachosagika.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, nayo ni taa nyekundu ya oili. Na ichukuliwe mfano wa sajini mstaafu anayechukua abiria kati ya Tororo na Busia, njia isiyofika kilomita 40. Taa ile ilianza kumemeteka gari likisimama, na kuzimika akikanyaga mafuta. Yeye akasema ni waya umelegea. Mkewe akamwambia, “Baba watoto, hata pale uwanjani pana doa.” Akajibu kuwa ataangalia mwisho wa mwezi. Siku moja taa ikawaka njiani na isizime. Abiria walikuwa wamejaa, Busia ilikuwa karibu, naye akaamua kuwafikisha kwanza. Baada ya mwendo mfupi kikasikika kishindo kizito chini ya injini, kisha ikakamata kabisa. Fundi alipoifungua alisema, “Afande, ungalizima pale pale taa ilipowaka, tungalitafuta uvujaji au kubadilisha pampu ya oili tu. Sasa beringi zimeyeyuka na krenkshafti imelika.” Sajini alitaka kuokoa nusu saa, nusu saa hiyo ikamgharimu injini nzima.

Sababu yake si siri. Ndani ya injini chuma hakipaswi kugusana na chuma. Kati yake hupita utando wa oili mwembamba sana, unaosukumwa na pampu. Msukumo ukikoma, utando huondoka, na uharibifu huanza mara moja. Kwa hiyo taa nyekundu, iwe ya oili au ya joto, haina mjadala: gari litolewe kando ya barabara na kuzimwa. Taa ya manjano yenye umbo la injini, iliyomo katika magari ya siku hizi, humpa dereva nafasi ya kufika kwa fundi; lakini ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, silinda moja au zaidi haichomi sawasawa, na mwendo upunguzwe mpaka gari lisimame mahali salama.

Dalili ya tano ni sauti. Mlio mwepesi wa tik-tik juu ya injini mara nyingi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa, au oili iliyopungua. Kishindo kizito cha chini, kinachozidi gari likibeba mzigo, ni beringi. Mafundi husema injini imenoki. Ipo pia sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, inayosikika gari likipanda kilima. Hiyo yaweza kutokana na petroli mbaya. Mpakani petroli huuzwa hata katika madebe na chupa kando ya njia, na si kila chupa ina petroli tupu. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, mchanganyiko huwaka ovyo na kuzipiga pistoni. Udanganyifu huo ulizidi hata Kenya, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Chupa ya rahisi yaweza kuwa ghali kuliko pampu.

Mwisho, neno kwa anayekusudia kununua gari lililokwisha kutumika. Aende asubuhi, tena aiguse injini kabla haijawashwa. Akiikuta imekwisha pashwa moto, aulize sababu, maana injini yenye joto huficha ugumu wa kuwaka, moshi wa kwanza na milio ya mwanzo. Afungue mfuniko wa oili atazame kama pana ute wa rangi ya maziwa. Aliendeshe hadi kwenye kilima, kisha aliache likinguruma papo hapo kwa dakika 20, kana kwamba liko katika foleni ya mpaka. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayeharakisha mnunuzi wa kiinua mgongo ana jambo analolijua.

Dereva wa jeshi hufunzwa kukagua gari kabla ya safari, wakati wa mapumziko na baada ya kurejea. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya gwaride tu, wala haina sababu ya kukoma siku ya kuvua sare. Maji, oili, mkanda, doa la chini: kazi yake haizidi dakika tano, na mtoto wa shule aweza kuisimamia kwa orodha iliyobandikwa mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha ya ada.