Viwanda vya nguo vinahitaji watafiti

Kila linapozungumzwa suala la viwanda vya nguo nchini, hoja huishia kwenye mitambo iliyochakaa, umeme na mitaji. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: ni nani mwenye kazi ya kujua wananchi wanavaa nini, kiasi gani na kwa bei gani?

Mtu huyo ni mtafiti wa soko la nguo. Hashiki cherehani, na pengine ndiyo sababu mameneja wengine humwona kuwa mzigo kwenye orodha ya mishahara. Hata hivyo ndiye anayepima dakika za kushona shati moja, akajumlisha gharama za kitambaa, vifungo na usafiri, kisha akapima kama mwananchi wa Shinyanga atamudu kulinunua.

Tutazame tatizo moja tu. Katika orodha ya forodha inayotumika duniani, mitumba ina namba yake, 6309, na hupimwa kwa kilo. Mashati mapya, yaliyomo katika sura za 61 na 62, huhesabiwa moja moja. Robota la kilo 45 laweza kuwa na makoti mazito machache au mamia ya fulana za watoto. Kwenye daftari yote ni kilo 45. Kiwanda kinachotaka kujua kinashindana na mashati mangapi hakitapata jibu humo. Hapana budi mtu aende soko la Karume alfajiri, marobota yanapofunguliwa, ahesabu kwa mkono na kuandika bei. Kisha arudi msimu mwingine.

Kazi hii si ya kupoteza wakati. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Binafsi naitilia shaka hesabu hiyo, lakini ilikuwa hesabu, na iliwekwa mezani. Zilipotishiwa kunyimwa nafuu za AGOA, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo ya ushuru.

Ubishi wa namna hiyo utakuja tena. Nchi iliyofungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968, na ambayo hadi leo huuza nje sehemu kubwa ya pamba yake bila kuisokota, haiwezi kuingia mkutanoni na uchungu peke yake.

Vyuo vyetu hutoa wahitimu wa takwimu na uchumi kila mwaka. Kila kiwanda kiajiri japo wawili. Nao ndugu zetu wa forodha waongeze safu moja tu kwenye fomu ya robota: aina ya nguo zilizomo.