Kuongeza FERROR si ukarabati, ni kuzima kengele

Wasomaji wangu, leo sitaandika juu ya simu wala tovuti. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu namba moja ndani ya faili moja la usanidi. Wapenzi wa kompyuta wasiowahi kushika grisi, vumilieni, mtajiona humu ndani.

Kwa wasiojua, CNC ni mashine inayokata chuma kwa kufuata maagizo ya tarakilishi. Kila mhimili, yaani X, Y na Z, una mota ya sevo, na mgongoni mwa mota kuna enkoda, kifaa kinachohesabu mota imezunguka kiasi gani. Tarakilishi inaamuru, "sasa hivi uwe milimita 120.000." Enkoda inajibu, "niko 119.960." Hiyo 0.040 ndiyo hitilafu ya ufuataji. Hitilafu ndogo ni kawaida, maana hakuna chuma kinachotii papo hapo. Ikizidi kipimo, mashine inasimama. Katika LinuxCNC kipimo hicho kinaandikwa kwenye faili la INI kwa jina la FERROR, na mwenzake MIN_FERROR ni kiasi kinachovumiliwa mashine ikienda polepole.

Sasa sikilizeni mchezo unaochezwa. Mashine inasimama katikati ya kazi, ujumbe unasema mhimili fulani umepitisha hitilafu. "Mtaalamu" anafungua faili, anabadilisha 0.5 kuwa 5, anawasha tena. Mashine haisimami. Anapokea pesa zake, anaondoka.

Jamani! Huyo ametengeneza nini? Ni sawa na mwanaprogramu anayezingira msimbo wake wote kwa try na catch, halafu ndani ya catch hakuna kitu. Programu haianguki tena, ni kweli. Inaharibu data kimyakimya. Sisi tuliosomea sayansi ya kompyuta tunamcheka anayeandika hivyo, lakini tukipewa mashine ya tani mbili tunafanya yaleyale.

Nawapa mfano wa hapa hapa Isiolo. Kuna karakana moja yenye mashine ya zamani ya kukata chuma ambayo ubongo wake wa asili ulikufa. Chuma chenyewe kizima, kwa hiyo mwenyewe aliamua kuivisha mwili mpya wa umeme: mota za sevo, draiva, tarakilishi yenye LinuxCNC. Uamuzi mzuri kabisa, na ninautetea. Kazi yake kubwa ni vipuri vya pampu za visima. Flanji ikiharibika kisimani wakati wa kiangazi, mwenye mifugo hawezi kuambiwa asubiri ifuate Nairobi, karibu kilomita 280, na kurudi.

Mhimili wa X ukaanza kusimama. Mtu wa kwanza akapandisha FERROR hadi 5. Wa pili akakaa siku mbili akichezea PID, yaani P juu, P chini, D kidogo, kama anayetafuta stesheni kwenye redio. Muuzaji mmoja wa vifaa, ambaye simtaji, akashauri kwa simu wanunue draiva mpya. Wote watatu hawakupima kitu hata kimoja. Mwenye karakana alikuwa ameshaanza kutafuta mkopo wa hiyo draiva.

LinuxCNC inakuja na Halscope, chombo cha kuchora grafu ya ishara yoyote ndani ya mfumo. Ni bure na kiko ndani tayari. Nilirudisha FERROR kuwa 0.5, nikachora joint.0.f-error pamoja na mahali meza ilipo, nikaitembeza meza mwanzo hadi mwisho, kwanza polepole kisha kwa kasi. Katikati ya meza mstari ulitulia. Ukikaribia ncha zote mbili, hitilafu ilipanda. Kwa kasi zote, kwenda na kurudi, palepale.

Hapo tafakari kidogo. PID haijui meza iko wapi. Draiva haijui. Hitilafu inayofuata mahali inatoka kwenye chuma. Ingekuwa inakua kadiri kasi inavyokua, popote meza ilipo, ningeitazama PID au nguvu ya mota. Ingekuwa inakuja mchana tu jua likiwaka, ningeshuku joto ndani ya kabati au umeme wa mtaani. Na hesabu ya enkoda ikicheza wakati meza imesimama kabisa, kazi ni ya waya: ngao haijafungwa kwenye ardhi, au kebo ya enkoda imelazwa bega kwa bega na ya mota.

Tukazima umeme, tukazungusha skrubu kwa mkono. Katikati laini, kwenye ncha nzito. Reli za mashine hii zimelika katikati, kwa sababu miaka yote kazi ilifungwa katikati ya meza. Fundi mmoja zamani aliona meza inacheza, akakaza kibati cha kubania mpaka pale katikati pakashika. Kwenye ncha, ambako reli haijalika, kibati hichohicho kinabana kama breki. Kipimo cha ugonjwa huu ni mkono wa binadamu. Shilingi sifuri.

Nasikia mtu anasema: mteja anangoja, kazi itoke kwanza, mengine baadaye. Sawa. Basi tazama kazi iliyotoka. Kwa 5, mashine imeruhusiwa kupotea milimita tano, kwa kasi yake ya juu kabisa, bila kusema neno. Mhimili mmoja ukichelewa kuliko mwenzake, duara linageuka kuwa yai. Tundu la boliti linasogea, gasketi haikai, maji yanavuja kisimani, na wewe uliyeandika 5 hutakuwapo kuulizwa.

Kuna na mtego mwingine unaonikera zaidi. Draiva nyingi za bei nafuu zinapokea mipigo ya stepi na mwelekeo, na hesabu ya enkoda inaishia ndani ya draiva. Hapo FERROR ya LinuxCNC haiijui mota hata kidogo, inapima mipigo yake yenyewe. Mota inaweza kukwama na skrini ikaonyesha namba safi. Draiva hizi huwa na waya wa alamu wa kuiambia tarakilishi "nimeshindwa". Fungua kabati za mashine zilizofanyiwa ukarabati wa haraka: mara nyingi waya huo unaning'inia, umefungwa utepe mweusi. Aliyeuacha hivyo anastahili kurudisha hela.

Tena hata enkoda nzima haioni meza, inaona mota tu. Kapulingi ikilegea, enkoda itaapa kwamba tuko 120.000 na meza iko kwingine. Piga mstari wa kalamu juu ya kapulingi, weka saa ya kupimia kwenye meza, nenda urudi mara kumi. Ndipo uongee.

Na hesabu, ndugu zangu, hesabu! Enkoda ya mistari 2500 inatoa alama 10,000 kwa mzunguko. Skrubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, kila alama ni milimita 0.0005. Kwa milimita 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, hizo ni alama 100,000 kila sekunde. Kuna watu wanataka zihesabiwe na programu kupitia pareleli poti, inayochungulia kila mikrosekunde 50, yaani mara 20,000 kwa sekunde. Zilizobaki zinapotea, na hakuna PID duniani itakayozirudisha. Hapo ndipo kadi ya kuhesabia, kama zile za Mesa, inapostahili pesa yako.

Wala tusijifiche nyuma ya "hii teknolojia ni ngeni kwetu". Mradi wa gari la Nyayo Pioneer ulianza 1986, na mabaki yake ndiyo yaliyozaa Numerical Machining Complex pale Nairobi. LinuxCNC yenyewe ilianzia NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, kwa jina la EMC, ikabadilishwa jina 2011. Msimbo wote uko wazi. Ukitaka kujua FERROR inafanya nini, unausoma.

Ile mashine tumelegeza kibati kiasi. Ncha zimepona, FERROR imebaki 0.5, draiva haikununuliwa. Katikati kuna kulegea kidogo, na dawa yake halisi ni kukwangua reli upya, kazi ya fundi mwenye mkono na subira. Mwenye karakana anatafuta bei. Kwa sasa kazi za vipimo vikali anazifunga karibu na ncha, ambako reli bado ni nzima.