Namba 1 ya ziada ndiyo siri yenyewe

Mwandishi, katika makala yako kuhusu matriksi na michoro ya kompyuta umeruka sehemu ambayo walimu tarajali hapa Chuo cha Ualimu Kinampanda wataiuliza kwanza. Kidato cha nne tunafundisha matriksi za 2 kwa 2: zinazungusha, zinaakisi, zinakuza. Kuhamisha haziwezi, kwa sababu nukta (0, 0) ukiizidisha na matriksi yoyote ya aina hiyo inabaki palepale. Ndiyo maana uhamisho tunaujumlisha pembeni kama vekta.

Kompyuta hukikwepa kikwazo hicho kwa kuiongezea kila nukta namba 1. (3, 2) inakuwa (3, 2, 1), matriksi inakuwa 3 kwa 3, na kuzungusha na kuhamisha vinaingia katika zidisho moja. Michoro ya pande tatu hutumia 4 kwa 4. Viwianishi hivyo vyenye namba ya ziada ni vya mwanahisabati Möbius, mwaka 1827, kompyuta hata haijaotwa! Mtaalamu wa kompyuta Lawrence Roberts ndiye aliyevileta kwenye michoro ya kompyuta miaka ya 1960.

Halafu kuna mpangilio wa hatua. Zungusha (3, 2) nyuzi 90 kinyumesaa, kisha hamisha kwa (5, 1): unapata (3, 4). Ukianza kwa kuhamisha, unaishia (-3, 8). Wachoreshe wanafunzi zote mbili kwenye karatasi ya miraba. Projekta si lazima.