Mwenye Kununua Nyumba Shamba, Aitazame Kwanza Ardhi

Watu wengi waliofanya kazi mijini hutamani kumaliza siku zao shamba, katika nyumba yenye hewa safi, ng'ombe wawili zizini na migomba nyuma ya jiko. Tamaa hiyo ni njema. Lakini mwenye kutaka kuitoa akiba ya miaka ishirini hana budi kujua jambo moja: katika sheria ya Kenya, nyumba hufuata ardhi iliyojengwa juu yake. Ikiwa ardhi haikupita mkononi mwa mnunuzi kwa njia ya haki, kuta na mabati hayakupita pia.

Kwa sababu hiyo mnunuzi asianze kwa kusifu madirisha. Na aende kwanza katika afisi ya usajili wa ardhi, aombe kujua kilichoandikwa katika rejista juu ya kipande kile: jina la mwenyewe, ukubwa wa ardhi, na kama pana rehani au zuio. Tangu mashamba yalipoanza kuunganishwa na kuandikishwa chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vingi viliandikwa kwa jina la mtu mmoja, naye huenda amekwisha kufa zamani. Mwanawe anayekaa katika nyumba hiyo aweza kuiuza kwa moyo safi, akidhani ni yake. Lakini sheria ya urithi haimruhusu mpaka mahakama ithibitishe hati ya kusimamia mirathi. Mnunuzi akikuta jina la marehemu, na angoje.

Baada ya hapo mpima ardhi na aitwe, ayalinganishe mawe ya mipaka na ramani. Majirani nao waulizwe habari za njia na maji, kwa kuwa wao hujua mambo yasiyoandikwa.

Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Lakini kazi haijaisha. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka ardhi ya ukulima katika maeneo yaliyowekwa chini yake isiuzwe pasipo kibali cha bodi ya ardhi ya mahali hapo, na kibali hicho kiombwe katika muda wa miezi 6 tangu siku ya mapatano. Kisipopatikana, mauzo huwa batili, hata kama fedha zimelipwa zote na mnunuzi amekwisha kuhamia na kupanda kahawa. Sheria yenyewe humwachia dai la kurudishiwa fedha zake tu. Nazo shilingi za zamani hazinunui shamba la leo. Ni kweli kwamba mara nyingine mahakama imemwokoa mnunuzi wa namna hiyo, lakini kesi ya miaka mingi si msingi wa kujengea nyumba.

Mke wa mwuzaji asisahauliwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 humkataza mume au mke kuuza mali ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Mwuzaji asemaye, "Mambo ya ardhi si ya wanawake," anamtia mgeni wake hatarini. Afadhali mke huyo aje mbele ya bodi, aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhika.

Mwisho, ushuru wa stempu ulipwe, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani yake, na jina jipya liandikwe katika rejista. Hati ikitoka, iwekwe pamoja na mapatano, kibali na stakabadhi zote, na mke na watoto waonyeshwe mahali zilipo. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.