Dau Lililolala Halijafa, na Sio Kiti Chako cha Picha

Wiki hii nimetumiwa ile video mara sita. Mnaijua. Dada amekaa juu ya dau kavu pale Diani, upepo unapeperusha leso, muziki wa huzuni, halafu maandishi: chombo kilichotelekezwa, wavuvi waliosahaulika. Laiki ni nyingi kuliko mchanga. Komenti za Nairobi zote ni mioyo iliyovunjika.

Wasee, lile dau halijatelekezwa. Limelala. Mwenyewe yuko mita mia mbili kutoka pale, anatengeneza malema chini ya mkwaju, na jioni akirudi atakuta ule ubao aliouegemeza ukauke polepole umepinda kwa sababu kuna mtu aliukalia dakika arobaini akitafuta pozi.

Sina ugomvi na yule dada. Na mimi natafuta kontenti, siwezi kujifanya mtakatifu. Ugomvi wangu ni na hii habari yote kwamba chombo kikiwa juu ya nchi basi kimekufa, manake ukishaamini hivyo, hatua inayofuata ni kusema kiondolewe. Na kinaondolewa. Nitafika huko.

Kwanza kusi, kwa sababu wengine mmezaliwa Ukunda na bado mnasema ni upepo tu. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa hivi, upepo unatoka kusini mashariki na bahari nje ya mwamba inachafuka. Ile bahari ya kioo mnayoijua kwenye mabango ni ya kaskazi, Desemba mpaka Machi. Kusi inaingia na masika (wazee wetu wanaita mwaka), mawimbi makubwa, na marundo ya mwani mpaka mlangoni. Watu wa kaiti wanaishangilia. Mtu mwenye dau dogo la tanga ana hesabu nyingine kabisa: kutoka anaweza, kurudi je? Kwa hivyo wengi wanabaki ndani ya mwamba na malema na pweza, wengine wanarudi shamba, na chombo kinapandishwa.

Huko Ulaya wenye mashua za tanga wanafanya hivyo hivyo baridi ikikaribia. Wanalipia yadi, krini inainua, wanatoa maji kwenye injini yasigande yakapasua vyuma, wanafunika, wanaenda zao mpaka jua lirudi. Hakuna anayeenda pale kupiga picha ya umaskini. Kwao yanaitwa matunzo. Kwetu yanapigiwa muziki wa huzuni.

Sasa mnajua kulaza dau kunataka nini? Mimi nilikuwa sijui, na nimekulia ndani yake. Unasubiri bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, siku ambazo maji kwetu yanajaa kwenye saa kumi jioni. Bamvua hapa inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo bahari yenyewe inakubebea chombo nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni magogo ya kuviringisha na migongo ya watu kumi. Mlingoti unateremshwa, foromali inafunguliwa, usukani unatolewa. Tanga linaoshwa kwa maji ya kisima, linakauka kabisa, linatundikwa juu panya wasifike. Halafu tumbo la dau linakwanguliwa. Wale wadudu wanaotoboa mbao, ambao kwa kweli ni ndugu wa chaza waliorefuka kama minyoo, wanakufa wakikaa kavu, lakini fundi hawaamini, anawapitishia moto wa makuti makavu chini kwa chini. Anatoa pamba iliyochoka kwenye viungo, anakalafati upya kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Juu inapakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Ukishapaka sifa hakuna mtu atakaa karibu na wewe kwenye matatu kwa siku mbili, nawaambia kutoka moyoni. Chini inakwenda deheni, chokaa na mafuta.

Na jambo ambalo hakuna video imewahi kuwaambia: adui wa dau lililolala sio bahari. Ni mvua. Maji ya chumvi yanazuia kuvu, maji ya mvua yanailisha. Mvua ikituama ndani wiki kadhaa, kuoza kunaanza pale mataruma yanapokutana na mkuku, mahali jicho halifiki. Adui wa pili ni jua, likikausha mbao kwa pupa zinapasuka na pamba inalegea. Kwa hivyo dau linataka kivuli, na linataka hewa. Turubai la plastiki ukilibana kama zawadi ya harusi, unalipikia jasho ndani. Makuti ndiyo yenyewe, yanazuia jua na yanapumua. Na kivuli kisiwe cha mnazi, tafadhali. Nazi haina adabu.

Nayajua haya kwa gharama. Mwaka juzi babu aliniachia kazi moja tu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi naenda Lunga Lunga kwa shangazi yako. Chomoa nguruzi, usisahau." Nguruzi ni kile kizibo cha chini ya chombo, ukikichomoa maji yanatoka yenyewe. Nikamwambia, "Sawa babu, nimeshachomoa." Nilikuwa sijachomoa. Nilikuwa naedit video, nadhani ilikuwa ya vibanda vya mihogo. Mvua ikapiga. Aliporudi dau lilikuwa beseni, na mataruma mawili yameoza laini kama embe. Hakunipigia kelele. Aliingiza kidole kwenye mbao, akanionyesha kidole.

Kwa hivyo nikisema watunzeni vyombo, simhubirii mtu mwingine. Vijana tunaoachiwa hizi kazi tunaziona za kizamani, na dau linaoza mikononi mwetu kabla hajaja mtu wa nje kulivunja.

Lakini mtu wa nje naye anakuja.

Kusi iliyopita tulilaza dau letu pale pale linapolala tangu mamangu akiwa mdogo, chini ya mkwaju, pamoja na vyombo vingine vitano. Ploti ilikuwa imepata mwenyewe mpya. Sitaitaja, na mwenye kuijua akae nayo. Ukuta ukaanza upande wa barabara, ukazunguka, na siku moja mkwaju ukawa ndani. Akaja mlinzi, kijana wa rika langu, mpole kweli. "Shikamoo mzee. Hivi vyombo viteremke mchangani. Mimi nimetumwa tu." Babu akajibu, "Marahaba mwanangu, nimekusikia." Tukateremsha. Pale mchangani hakuna kivuli, na chini ya ukuta hakuna pa kurudi nyuma. Bamvua iliyofuata ikakutana na kusi yenye hasira, maji yakapanda mpaka kwenye msingi, yakalinyanyua dau na kuligonga ukutani usiku kucha. Asubuhi gubeti lilikuwa vipande viwili. Na wiki ile ile, wallahi, kuna mtu alikuja akapiga picha pale. Chombo kilichotelekezwa.

Sasa sikilizeni sheria inavyochekesha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Watu wa pwani tunaitaja hii kila tukifukuzwa, na ni vizuri. Lakini hebu ifikirie kwa akili ya mvuvi: kile kipande cha umma ndicho kile bahari inapolala. Ni mahali pa kupita, pa kuogelea, pa kucheza mpira maji yakipwa. Dau haliwezi kulala pale miezi mitatu ya kusi. Dau linalala juu ya alama, chini ya mti, na juu ya alama ndiyo kuna ukuta. Tumepewa haki ya kuegesha chombo ndani ya maji.

Na msiniambie hakuna aliyeliwaza hili. Kanuni za Upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali iliyo ufuoni ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida ibakizwe kamba isiyopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu. Mita 60! Tembeeni Diani mniambie mmeziona wapi. Najua, najua, ploti nyingi ni za zamani, hati zake ni za kabla ya hizo kanuni, na neno "kwa kawaida" lina mlango mkubwa wa nyuma. Sio kila ukuta umevunja sheria, sisemi hivyo. Nasema mtu alipoandika mita 60 alielewa kwamba ufuo sio mstari, una upana, na kuna kazi zinafanyika kwenye huo upana.

Kuna watakaosema, si mnunue faiba? Swali halali. Faiba haiozi, wadudu hawaitaki. Lakini bei yake sio ya mtu wa malema, na ikipasuka haimhitaji fundi mwenye patasi, inahitaji dawa za dukani. Na hata faiba inapigwa na jua, inagongwa ukutani vile vile. Inataka pa kulala pia.

Halafu tengenezo la mbao nalo limekuwa gumu, na hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote. Zamani taruma likioza unaingia mikokoni, unatafuta mkomafi uliopinda vizuri, unakata. Leo Gazi wana Mikoko Pamoja tangu 2013, watu wanalinda mikoko, wanauza hewa ukaa, na pesa inarudi kijijini. Mimi naunga mkono asilimia mia. Lakini maana yake ni kwamba taruma lililopo ndilo ulilo nalo. Huwezi kuniambia nisikate mti mpya na hapo hapo uniondolee kivuli kinacholinda mbao ya zamani.

Kwa hivyo nataka nini? BMU zetu zina nguvu kisheria, kanuni zake zipo tangu 2007, na kazi yao ni kusimamia bandari ndogo za wavuvi. Wakikaa na kaunti kuchora ramani, huwa wanachora mahali samaki wanaposhukia. Wachore na mahali vyombo vinapolala kusi, miti kwa miti, kuanzia Tiwi mpaka Vanga, kabla mkwaju mwingine haujawa ndani. Na nyinyi wenye mahoteli mnaotundika makasia mapokezini na kuning'iniza tanga juu ya baa: pembe moja tu ya kivuli, miezi mitatu, haiwapunguzii wageni. Mgeni angependa kuona fundi anakalafati kuliko kuona kasia limepigwa vanishi. Ndiyo, kutakuwa na harufu ya sifa. Atazoea.

Na dada wa video, ukinisoma, rudi pale. Mwenye dau anaongea vizuri sana ukimsalimia kwanza. Muulize kwa nini kaegemeza ule ubao, chukua video ya hayo. Nitaishea mimi mwenyewe.

Dau letu kwa sasa limelala kwa jirani, Msambweni, nyuma ya banda la kuku, gubeti jipya limeshafungwa na viungo vinasubiri pamba. Jirani naye ana chombo chake bado kimo majini na bamvua ni Jumamosi hii. Maji yanajaa saa kumi jioni, sisi tutakuwa pale saa tisa. Tuko watu sita, tunahitaji kumi. Njooni na kandambili za kuchakaa na kuti moja moja mkononi. Nguruzi nachomoa mimi, na babu amesema atasimama hapo hapo aone.